Kizito Kilipotangulia Kuwa Mvuke: Uchambuzi wa Kisa cha Benzeni Yenye Deuteri

Kisa hiki kilitokea katika maabara ndogo ya kemia. Nimeondoa majina, mahali na tarehe, na chochote ambacho kingemtambulisha aliyehusika. Vipimo nimeviandika kwa kukadiria. Mimi niliitwa wakati kazi imeshakwama kwa wiki kadhaa, na niliitwa kwa ombi moja tu: nije nisaidie kutafuta mahali mtambo unapovuja. Haukuwa unavuja.

Usuli

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili alipewa kazi iliyoonekana nyepesi. Apime tofauti ya shinikizo la mvuke, yaani msukumo wa mvuke unaotoka kwenye kimiminika, kati ya benzeni ya kawaida, C₆H₆, na benzeni ambayo hidrojeni zake zote sita zimebadilishwa kuwa deuteri, C₆D₆. Deuteri ni hidrojeni ileile, ila kiini chake kina nyutroni moja ya ziada, kwa hiyo atomi inakaribia kuwa na uzito maradufu. Elektroni hazijabadilika, wala vifungo kati ya atomi havijabadilika ukakamavu. Hapo ndipo utamu wa isotopu, yaani atomi za elementi moja zenye uzito tofauti, ulipo: unabadilisha uzito wa vitu vilivyofungwa kwenye springi bila kuigusa springi yenyewe. Tofauti yoyote utakayoiona inatokana na mwendo wa molekuli, yaani kutetemeka, kuzunguka na kuhama.

Mtambo ulikuwa wa kawaida kwa kazi hii. Chupa mbili za kioo, moja ya sampuli nyepesi na moja ya nzito, zilizamishwa kwenye beseni moja la maji lenye halijoto iliyodhibitiwa. Mirija ilipanda hadi kwenye geji inayosoma tofauti ya shinikizo kati ya pande mbili, na mfumo mzima uliunganishwa na pampu ya ombwe. Kuwa na beseni moja kunasaidia sana, kwa sababu halijoto ikiyumba kidogo huziyumbisha chupa zote mbili pamoja, na tofauti haiathiriki kama ambavyo ingeathirika ukipima kila moja peke yake.

Kabla ya kuanza, msimamizi wake alimwambia sentensi moja ambayo mwanafunzi aliiandika juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari: «Kizito hubaki nyuma.» Sentensi hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1931 mwanakemia Harold Urey na wenzake waliigundua deuteri kwa kutumia jambo hilohilo: waliacha hidrojeni ya kimiminika ipungue kwa kugeuka gesi, na katika mabaki kiasi cha hidrojeni nzito kikawa kimeongezeka mpaka kikaonekana kwenye spektra, yaani mistari ya mwanga wake. Urey alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1934. Kwa hidrojeni, kizito kilibaki nyuma kweli.

Yaliyotokea

Alianza na maji, ili auamini mtambo. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi maji ya kawaida yana shinikizo la mvuke la karibu milimita 23.8 za zebaki, na maji mazito, D₂O, karibu 20.6. Geji ilionyesha tofauti ya milimita 3 na ushei, upande wa maji ya kawaida ukiwa juu. Sawasawa na vitabu. Mtambo ukapita mtihani, na ile sentensi ya juu ya daftari ikapita pamoja nao bila mtu kugundua kwamba imepimwa kwa kitu kimoja tu.

Kisha akaweka benzeni. Sindano ya geji ikaenda upande wa pili. C₆D₆, iliyo nzito, ilikuwa na shinikizo kubwa kuliko C₆H₆ kwa karibu milimita 4.

Alidhani amechanganya mirija. Akabadilishana chupa, kushoto ikaenda kulia. Alama ikageuka, maana yake tofauti ilikuwa inaifuata sampuli na si upande wa geji. Hilo lilikuwa jaribio zuri, lililofanywa mapema, na lilimaliza swali la geji kwa nusu saa. Laiti yaliyofuata yote yangekuwa hivyo.

Shaka ya pili ilikuwa hewa. Kimiminika huyeyusha hewa, na hewa hiyo ikitoka huongeza shinikizo. Ukitaka kuiondoa, unaigandisha sampuli kwa nitrojeni ya kimiminika, unavuta ombwe juu yake, unafunga vali, unaiyeyusha ili itoe hewa iliyobaki ndani, halafu unarudia. Mwanafunzi alifanya mizunguko mitatu. Tofauti ikashuka kutoka milimita 4 hadi karibu 3. Mitatu mingine ikaifikisha 2.6.

Hapa ndipo mtego ulipofungwa, na ndiyo sehemu ya kisa ninayoiona ya thamani zaidi. Hewa ilikuwemo kweli. Kila mzunguko ulipunguza kitu. Mtu anayeamini jibu sahihi liko upande wa pili wa sifuri, akiona namba inashuka kuelekea sifuri, ataendelea kuisukuma. Aliendelea kwa karibu wiki mbili. Namba ilibaki 2.6, siku nyingine 2.7, na daftari likajaa neno «uvujaji» pembeni ya kila usomaji. Vipimo vya siku tisa za mwanzo alivifuta kabisa kwenye faili lake la hesabu kwa kuwa, kwa maneno yake, vilikuwa na alama mbaya.

Shaka ya tatu ikawa uchafu ndani ya chupa ya C₆D₆. Aliikausha kwa zeolaiti, madini yenye vitundu vinavyonyonya maji. Hakuna kilichobadilika. Aliagiza chupa mpya, akasubiri, akapima. Ikawa 2.6.

Mwishowe alichanganya benzeni zote mbili na kuupeleka mchanganyiko kwenye chumba cha pili, kwenye kromatografia ya gesi iliyounganishwa na spektromita ya masi (mashine inayotenganisha mvuke kwenye mrija mrefu uitwao safu, kisha kupima uzito wa molekuli), akitumaini kuuona uchafu mwepesi ukitoka mapema. Kilitoka kilele kimoja kipana. Alipotenganisha ioni, zile za masi 84, ambazo ni C₆D₆, zilikuwa zimetangulia zile za masi 78 kwa sekunde kama mbili. Akarudi akiwa na furaha: kuna kitu kinatoka mapema, na kiko kwenye sampuli nzito!

Fundi wa chumba hicho, mtu aliyekaa na mashine hiyo miaka mingi, alimtazama akamwambia: «Mwanangu, hiyo ndiyo benzeni yako yenyewe. Vitu vyote vya deuteri tunavyoweka hapa kama viwango vya ndani, yaani vya kulinganishia, hutoka kwanza. Kila siku.» Mwanafunzi aliniambia baadaye kwamba alilisikia jibu hilo kama tabia ya mashine, si kama habari kuhusu molekuli. Jungu kuu lilikuwa limetoa ukoko wake, yeye akaupita.

Siku iliyofuata niliitwa nitafute uvujaji.

Maamuzi, na sababu zake

Nilichopendekeza kwanza hakikuhusu nadharia. Kama kuna mtuhumiwa, mwekee mtego ambao yeye tu anaweza kuunasa. Tulikuwa na watuhumiwa wawili: hewa, na uchafu unaogeuka mvuke kwa urahisi.

Kwa hewa, tulibadilisha halijoto. Hewa iliyobaki juu ya sampuli huongeza kiasi kilekile cha shinikizo, karibu bila kujali kama beseni lina nyuzi 10 au 50. Shinikizo la mvuke wa benzeni lenyewe hupanda mara sita hivi katika masafa hayo. Tuliipasha moto mirija na geji ili mvuke usirudi kuwa kimiminika njiani, tukapima. Kwenye nyuzi 10 tofauti ilikuwa milimita 1.3. Kwenye 25, ikawa 2.6. Kwenye 50, karibu 7. Kwa asilimia, ilikuwa 2.8, kisha 2.7, kisha 2.6. Hewa haina uwezo wa kufanya hivyo. Kitu hiki kilikuwa kinapanda bega kwa bega na mvuke wa benzeni wenyewe.

Jaribio hilo halimwondolei lawama mtuhumiwa wa pili, kwa sababu uchafu unaogeuka mvuke nao ungepanda na halijoto. Kwa hiyo tulifanya jambo lililomuuma mwanafunzi: tulivuta theluthi moja ya C₆D₆ kwa pampu tukaitupa. Kama kuna kitu chepesi kilichojificha humo, ndicho kitakachotoka kwanza, na mabaki yatakuwa safi zaidi. Tulipima tena. Haikusogea hata kidogo.

Hapo nikamwomba anisomee lebo za chupa. Kiwango cha kuchemka cha C₆H₆: nyuzi 80.1. Cha C₆D₆: nyuzi 79.1. Alinyamaza. Kitu kinachochemka mapema kina shinikizo kubwa la mvuke, na lebo hiyo ilikuwa mezani tangu siku ya kwanza.

Matokeo

Tofauti ya asilimia 2.7 kwenye nyuzi 25 ilikuwa sahihi na inaafikiana na vipimo vilivyojulikana kwa miongo. Mwanafunzi alibaki na mfululizo mzuri wa vipimo vya halijoto tofauti, mzuri kuliko aliokuwa ameupanga. Alipoteza karibu mwezi, chupa moja ya kemikali ya bei kubwa, na zile siku tisa za vipimo, ambazo kwa vyovyote zisingefaa kwa kuwa hewa ilikuwa bado imo.

Kwa nini kizito kilitangulia

Molekuli haitulii hata kwenye baridi kali kuliko zote. Kila mtetemo hubaki na nusu ya kipimo chake cha nishati, tunachokiita nishati ya nukta sifuri, na kiasi hicho ni kikubwa kadiri mtetemo ulivyo wa kasi. Kifungo cha C–H hutetemeka kwa kasi kuliko C–D, kwa uwiano wa karibu 1.35, hivyo C₆H₆ hubeba nishati zaidi ya aina hii. Lakini hiyo peke yake haiamui lolote kuhusu mvuke, maana molekuli inakuwa nayo ikiwa kwenye kimiminika na ikiwa kwenye gesi. Kinachoamua ni *badiliko* kati ya hali hizo mbili, kimiminika na gesi.

Molekuli ikiingia kwenye kimiminika, mambo mawili hutokea kwa pamoja.

La kwanza: majirani huivuta, na springi za ndani hulegea kidogo. Mtetemo wa C–H unashuka. Molekuli inapata nafuu ya nishati, na nafuu hiyo ni kubwa zaidi kwa ile yenye hidrojeni nyepesi, kwa kuwa mtetemo wake ulikuwa wa kasi tangu mwanzo. Maana yake nyepesi ndiyo inayopenda zaidi kubaki kwenye kimiminika. Hii inakwenda kinyume kabisa na ile sentensi ya daftari.

La pili: kwenye gesi molekuli huruka na kuzunguka huru. Kwenye kimiminika imezungukwa, hivyo kuhama kwake kunageuka kuwa kutikisika ndani ya kizimba, na kuzunguka kwake kunageuka kuwa kuyumba huku na huku. Hii ni mitetemo mipya, ambayo kwenye gesi haikuwepo. Nyepesi huiona ikiwa ya kasi zaidi, hivyo inalipa gharama kubwa zaidi ya kuingia, na inapenda kutoka. Nguvu hii ndiyo inayokifanya kizito kibaki nyuma.

Mwanakemia Jacob Bigeleisen aliyaweka mambo haya mawili kwenye nadharia moja mwaka 1961, na kwa vimiminika vingi inatosha kuandika hivi:

ln(P nyepesi / P nzito) = A/T² − B/T

Hapa ln ni logi asilia, P ni shinikizo la mvuke, na T ni halijoto kamili (kelvini). A ni ya mitikisiko ya kizimba, B ni ya mitetemo ya ndani inayolegea. Ishara ya jibu inategemea nani ameshinda, na mshindi anaweza kubadilika halijoto ikibadilika.

Kwa benzeni unaweza kuona mshindi kwa hesabu ya nyuma ya bahasha. Wanakemia wa spektra hupima mtetemo kwa namba ya wimbi, yaani idadi ya mawimbi katika kila sentimita; mtetemo wa kasi una namba kubwa. Tuchukue kwamba kila C–H inashuka kwa 10 inapoingia kwenye kimiminika, nambari ya kukadiria tu. C–D itashuka kwa 7.4 hivi. Tofauti ni 2.6, zidisha kwa vifungo sita, gawa kwa mbili kwa sababu ya nusu ya nukta sifuri: karibu 8. Nishati ya joto kwenye nyuzi 25, kwa kipimo hichohicho, ni 207. Nane kwa 207 ni asilimia 3.8, upande wa kinyume. Kizimba kinarudisha asilimia moja na kitu, kwa sababu benzeni ni molekuli nzito inayoyumba polepole, chini ya namba ya wimbi 150, na kubadilisha hidrojeni sita kunaongeza uzito wake kutoka 78 hadi 84 tu. Unabaki na asilimia mbili na nusu hivi. Sitaki mtu aichukue hesabu hii kwa uzito kuliko inavyostahili, maana mitetemo ya kupinda kwa vifungo nayo ina mchango wake na mingine huvuta upande wa pili. Lakini ukubwa na ishara zinatoka sawa.

Maji je? Kwenye maji kulegea kwa ndani ni kukubwa mno. O–H iliyo huru kwenye mvuke hutetemeka kwenye 3,657 na 3,756. Kwenye kimiminika mkanda wake uko karibu 3,400. Ukiangalia hilo peke yake ungetabiri kwamba maji mazito yatatangulia kwa kishindo. Lakini vifungo vya hidrojeni huishika molekuli ya maji pande zote, na kuyumba kwake kwenye kimiminika kuna namba za wimbi kati ya 400 na 800. Juu ya hayo, hidrojeni ziko nje kabisa ya kitovu cha molekuli, hivyo kuzibadilisha kuwa deuteri kunafanya ukinzani wake wa kuzunguka uwe karibu mara mbili. Kizimba kinashinda. Kinashinda kwa kidogo tu, na joto likipanda kinachoka mapema, kwa sababu T² hukua haraka kuliko T. Karibu na nyuzi 221 mashinikizo ya H₂O na D₂O yanalingana, na juu ya hapo maji mazito ndiyo yenye shinikizo kubwa.

Kilichofaa na kilichoshindwa

Kubadilishana chupa siku ya kwanza lilikuwa jaribio bora kuliko yote aliyofanya peke yake, na napenda kulisema kwa sababu mwanafunzi huyu amelaumiwa zaidi ya haki yake. Kuondoa hewa pia kulihitajika. Bila hiyo angechapisha 4 badala ya 2.6. Kosa lilikuwa kutokuweka kikomo. Mizunguko mitatu mfululizo isiyobadilisha namba ilikuwa imeshatoa jibu kuhusu hewa, na mizunguko iliyofuata ilikuwa sala tu.

Kukagua mtambo kwa maji kuliwapa hakika ya geji, lakini kuliwapa pia hakika wasiyoistahili kuhusu kanuni. Na hapa msimamizi ana sehemu yake. Angetaka kuipima kanuni yake kwa maji, maji yenyewe yangemkatalia. Zipo molekuli mbili za maji zenye uzito wa 20: D₂O, na ile ya hidrojeni za kawaida iliyobeba oksijeni ya masi 18. Kama uzito ndio unaoamua, zingekuwa na shinikizo moja. Kwenye nyuzi 25, D₂O iko chini ya maji ya kawaida kwa karibu asilimia 13. Yenye oksijeni 18 iko chini kwa karibu asilimia 0.9. Oksijeni iko karibu na kitovu cha molekuli, hivyo kuiongezea uzito hakubadilishi sana kuyumba kwake wala mitetemo ya O–H. Uzito ni uleule, mahali ulipowekwa ni tofauti.

Kununua chupa mpya kabla ya kusoma lebo ya ile ya zamani sina cha kulisemea.

Kuhusu fundi wa chumba cha pili, sidhani tatizo lilikuwa dharau. Yeye alijua jambo kwa lugha ya safu na dakika za kutoka, mwanafunzi alikuwa analitafuta kwa lugha ya geji na milimita za zebaki. Kwenye safu isiyo na ncha za umeme, molekuli huwa inaingia na kutoka kwenye utando wa kimiminika maelfu ya mara, na inayopenda gesi zaidi hufika mwisho mapema. Ni shinikizo la mvuke lilelile, limerudiwa hadi likaonekana kwa macho. Swali moja tu, «kwa nini zinatoka kwanza?», lingeunganisha vyumba viwili, na kwa kweli fundi naye hakuwa amewahi kuliuliza.

Baada ya kisa, mwanafunzi aliomba apime sikloheksani, C₆H₁₂ na C₆D₁₂. Safari hii aliandika utabiri kabla ya kufungua vali: nzito itakuwa juu, na kwa asilimia kubwa kuliko benzeni, kwa kuwa kuna vifungo kumi na viwili vya C–H badala ya sita. Alipomaliza kuandika, alizigeuza chupa akasoma lebo. Nyuzi 80.7 kwa nyepesi, 78 kwa nzito. Alitaka pia kuyafikisha maji kwenye zile nyuzi 221 aione sindano ikipita sifuri kwa macho yake. Hilo nilimkatalia, kwa sababu kwenye halijoto hiyo mvuke wa maji una shinikizo la zaidi ya angahewa 20, na mtambo wake ni wa kioo.